Nusu ya Nuru Tunayoitupa

(Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa fizikia, iliyoandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja: wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Kabla sijaingia kwenye maneno, naomba taa za ukumbi zizimwe, ibaki hii moja hapa mezani.

Hiki ninachokiinua ni kipande cha utando wa kijivu, chembamba kama karatasi. Nakiweka mbele ya taa. Taa bado mnaiona, ila imefifia kidogo. Nachukua cha pili, pacha wake, nakilaza juu ya cha kwanza. Bado tunaona. Sasa nakizungusha hiki cha mbele polepole, polepole, mpaka robo ya mzunguko. Giza.

Kila ninapofanya jaribio hili, mtu mmoja huuliza: nuru imekwenda wapi? Na karibu kila mara anaulizia giza lile la mwisho. Mimi naomba tuirudie hatua ya kwanza, ile ambayo hakuna aliyeishangaa, pale taa ilipofifia kidogo tu nyuma ya kipande kimoja. Pale pale, zaidi ya nusu ya nuru ilikuwa imeshapotea. Utando uliifyonza ukaigeuza kuwa joto. Utando wa namna hii, unaochuja mtikisiko wa nuru, huitwa polaraiza. Polaraiza ya aina hii, hata ingekuwa kamilifu, haiwezi kupitisha zaidi ya asilimia 50 ya nuru ya taa ya kawaida, na zile nzuri zilizopo hupitisha 43 hivi. Jicho letu halilioni pengo hilo kwa sababu limezoea kujirekebisha mwanga ukipungua. Lakini betri ya simu yako inaliona, saa baada ya saa.

Nuru hiyo iliyopotea ndiyo iliyonileta hapa. Nina imani, na nimeishi nayo kazini miaka mingi, kwamba kuchuja nuru hakulazimiki kuwa kuiua. Zipo tando zinazoigawa nuru, hii ipite na ile irudi, na ile iliyorudi inarudi ikiwa nzima, tayari kutumika tena. Tando hizo zinatengenezwa kwa fuwele kimiminika, yaani vitu vinavyotiririka kama kimiminika huku vikiwa na mpangilio wa fuwele; nitavieleza mbele.

Tuanze na nuru yenyewe. Nuru ni mtikisiko, na mtikisiko wake hukata njia unayosafiria. Mfaransa Augustin Fresnel ndiye aliyeligundua hilo mnamo 1821. Nuru ya jua au ya taa hutikisika kuelekea pande zote bila mpango: sasa juu na chini, punde kulia na kushoto, punde mshazari. Nuru iliyopolaraizwa ni ile ambayo mtikisiko wake umeshika mstari mmoja na kuufuata.

Vitabu vingi hueleza polaraiza kwa mfano wa uzio wa fito: ukitikisa kamba juu na chini, wimbi lake litapita kati ya fito zilizosimama. Walimu wenzangu, mfano huo naomba tuuache. Ni mwepesi kukumbukwa, lakini unapotosha mahali penyewe panapotaka usahihi. Ndani ya kipande hiki mna polimeri iitwayo polivinili alkoholi, iliyolowekwa katika iodini kisha ikavutwa hadi ikawa ndefu mara 5 au 6 kuliko ilivyokuwa. Kuvutwa huko huzinyoosha nyuzi zake zote upande mmoja, na iodini hujipanga juu ya nyuzi hizo kwa minyororo. Elektroni zinaweza kukimbia kufuata mnyororo, lakini haziwezi kuruka kutoka mnyororo mmoja hadi mwingine. Basi mtikisiko wa nuru unaofuata minyororo ndio unaozisukuma elektroni, na nguvu yake huishia humo humo, ikawa joto. Unaopita salama ni ule unaoikata minyororo. Ni kinyume cha uzio.

Aliyelielewa hilo yuko tayari kwa ajabu inayofuata. Vipande vyangu viwili bado vimekingamana, na mbele yenu ni giza. Sasa naingiza cha tatu katikati yao, nimekiinamisha nyuzi 45. Tazameni. Nimeongeza kizuizi, na nuru imerudi. Kila polaraiza inaipa nuru mwelekeo mpya, na kiasi kinachopita hufuata kanuni ya Malus: mraba wa kosaini ya pembe iliyo kati ya mwelekeo wa zamani na wa sasa. Nusu ilipita kwenye utando wa kwanza, nusu ya hiyo kwenye wa katikati, na nusu ya iliyobaki kwenye wa mwisho. Jumla yake ni sehemu moja katika nane. Likumbukeni neno hili, kuipa nuru mwelekeo mpya, maana skrini zote za fuwele kimiminika zimesimama juu yake.

Historia nitaipita kwa mwendo wa haraka. Mwaka 1669 Mdenmark Rasmus Bartholin aliandika kuhusu fuwele angavu kutoka Iceland ambayo ukiiweka juu ya maandishi unaona kila herufi mara mbili. Mwaka 1808 Étienne-Louis Malus, akiwa Paris, aliitazama kupitia fuwele kama hiyo miale ya jua la machweo iliyoakisiwa na madirisha ya Kasri la Luxembourg. Alipoizungusha fuwele, taswira moja ikafifia huku nyingine ikikolea. Hapo ikajulikana kwamba hata dirisha la kawaida huipanga nuru. Mwaka 1852 daktari wa Bristol, William Bird Herapath, akaandika kuhusu vifuwele vya kijani vilivyotokea mwanafunzi wake alipotia iodini katika mkojo wa mbwa aliyelishwa kwinini. Vifuwele hivyo vilikuwa polaraiza za asili, lakini vidogo na vyepesi kuvunjika. Miaka mingi ilipita kabla ya kijana Edwin Land, huko Marekani, kuacha kuhangaika kukuza fuwele moja kubwa. Alichukua vifuwele vidogo visivyo na idadi, akavipanga vyote upande mmoja ndani ya plastiki. Hataza yake aliiomba mwaka 1929. Kufikia 1938 alikuwa ameshaachana na vifuwele hivyo na kuutengeneza utando wa kuvutwa wenye iodini, na hizi nilizoshika mkononi ni kizazi chake. Chanda chema huvikwa pete: kwa kutofautisha nuru na giza, utando huo wa iodini bado ni mgumu kushindwa, na nitakayoyasema leo sitaki yaeleweke kuwa naudharau.

Udhaifu wake ni huu. Polivinili alkoholi hupenda maji, kwa hiyo katika joto na unyevu iodini yake hulegea na utando hupauka. Ndiyo maana hufunikwa kwa plastiki huku na huku, na unene wake wote hufikia mikroni 100 au zaidi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali tabaka linalofanya kazi lina mikroni 20 hivi. Na kazi yenyewe, kama tulivyoona, ni kufyonza.

Sasa naomba niwapeleke Prague, mwaka 1888. Mtaalamu wa mimea aitwaye Friedrich Reinitzer anachunguza kolesteroli kutoka kwenye karoti. Ana kiwanja chake kimoja cha kemikali, kolesterili benzoeti, na anataka kujua kinayeyuka katika joto gani. Kila mtu alijua kuwa kitu safi kina kiwango kimoja cha kuyeyuka. Chake kilikuwa na viwili. Katika nyuzijoto 145.5 kiliyeyuka kikawa kimiminika chenye ukungu. Katika 178.5 ukungu ule ukatoweka ghafla, kikawa angavu kama maji. Na kilipokuwa kinapoa, rangi za buluu na zambarau ziling'ara ndani yake kisha zikapita.

Nampenda mtu huyu kwa jambo moja. Angeweza kusema dawa yake ina uchafu, akaisafisha tena na kulisahau suala zima. Wengi tungefanya hivyo. Yeye tarehe 14 Machi mwaka ule alimwandikia barua Otto Lehmann, Mjerumani aliyekuwa na hadubini yenye jiko la kupashia vitu joto na polaraiza za kuviangalia, akamtumia na sampuli. Lehmann akaona kitu kinachotiririka kama mafuta lakini kinachoipinda nuru kwa namna mbili kama ile fuwele ya Iceland. Aliita hali hiyo fuwele zinazotiririka, na wenye vyeo katika sayansi ya siku zile wakambishia kwa miaka. Mwaka 1922 Mfaransa Georges Friedel akazipanga katika makundi ambayo tunayatumia hadi leo: nematiki, kutokana na neno la Kigiriki la uzi, smektiki, kutokana na la sabuni, na kolesteriki, zilizopewa jina la kiwanja kile cha karoti.

Ni nini basi? Piga picha ya molekuli zenye umbo la fimbo. Katika fuwele ngumu, kila fimbo ina mahali pake na mwelekeo wake. Katika kimiminika cha kawaida haina hata kimoja. Katika nematiki fimbo zimepoteza mahali lakini zimeshika mwelekeo: zinateleza, zinapitana, zinabadilishana nafasi, na bado zote zinatazama upande mmoja. Hali hiyo ya kati ndiyo utajiri wetu wote, kwa sababu inatupa kitu chenye mpangilio wa fuwele ambacho tunaweza kukipaka kama rangi ya ukutani.

Na kukipaka ndiyo kazi yangu, kwa hiyo hapa mtaniwia radhi nikikawia.

Fimbo tunazotumia kutengenezea tando zina mkia kila ncha, na mwishoni mwa kila mkia kuna kundi la akriliti linaloweza kushikana na la jirani. Tunaziyeyusha katika kiyeyushi, tunatia kiasi kidogo cha kemikali inayoamshwa na mionzi ya urujuanimno, kisha tunapaka juu ya kioo au plastiki iliyoandaliwa. Maandalizi yenyewe, kwa njia ya zamani, ni kuusugua uso wa plastiki kwa kitambaa cha mahameli kuelekea upande mmoja. Mwanafunzi anayeona hilo kwa mara ya kwanza huwa haamini, lakini msuguo huo unatosha kuziambia fimbo zilale vipi. Ndege wa rangi moja huruka pamoja: fimbo za chini zikishajipanga, za juu huzifuata. Njia mpya ni kupaka tabaka la rangi maalumu linalojipanga lenyewe likimulikwa kwa nuru iliyopolaraizwa. Hakuna vumbi la kitambaa, na unaweza kuandika mwelekeo tofauti kila mahali, hata ukatengeneza lenzi iliyo bapa kabisa.

Kiyeyushi kikishakauka kwa joto, fimbo hujipanga zenyewe. Ndipo tunapomulika urujuanimno. Mikia inashikana na mpangilio unagandishwa palepale ulipo. Kilichokuwa kimiminika sasa ni plastiki ngumu ambayo haitasahau jinsi molekuli zake zilivyolala.

Nikisema hivyo inasikika rahisi. Utando wangu wa kwanza ulitoka unanata kama gundi. Nilikuwa nimepima kila kitu sawasawa, isipokuwa nilisahau hewa. Oksijeni huingia katika tabaka jembamba na kuzikata njia za mikia kabla hazijashikana, kwa hiyo kazi hii hufanywa chini ya naitrojeni. Wa pili ulitoka na vidoa vyeupe kila mahali, kwa kuwa niliuacha upoe kabla ya kuumulika na fimbo zikaganda kuwa fuwele za kawaida. Nasimulia haya kwa ajili ya wanafunzi mlio hapa. Mkono hujifunza dirisha dogo la joto lililopo kati ya kuganda na kuyeyuka, na hakuna kitabu kitakachojifunza badala yake.

Faida ya taabu hiyo ni wembamba. Chukua utando unaotakiwa kuuchelewesha mtikisiko mmoja wa nuru nyuma ya mwenzake kwa robo ya wimbi. Nuru ya kijani ina urefu wa wimbi wa nanomita 550 (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikroni), na robo yake ni 137.5. Katika fuwele kimiminika tunayotumia, tofauti kati ya mpindo wa nuru (namba inayoonyesha kitu kinaipinda na kuichelewesha nuru kiasi gani) kwa urefu wa fimbo na kwa upana wake ni kama 0.1. Gawanya, unapata unene wa mikroni 1.4 hivi. Unywele mmoja ni mnene zaidi ya mara 40. Na tabaka hilo jembamba linaugeuza mtikisiko ulionyooka uwe wa kuzunguka, kulia au kushoto, kama parafujo inayosafiri.

Simu nyingi zenye skrini ya OLED, ile ambayo nukta zake huwaka zenyewe bila taa ya nyuma, zina utando wa robo ya wimbi namna hii chini ya polaraiza. Nyuma ya skrini hizo kuna metali inayong'aa, na bila ulinzi wowote ukisimama juani ungejiona kama katika kioo. Nuru ya jua ikipita polaraiza inanyooka. Ikipita robo ya wimbi inaanza kuzunguka, tuseme kulia. Ikigonga metali inageuka na kuzunguka kushoto. Ikirudi kupitia robo ya wimbi inanyooka tena, lakini sasa imekingamana na polaraiza, ikafyonzwa. Hapo kufyonza ni sawa, kwa maana ndicho tulichokusudia. Ugumu uliopo ni kwamba robo ya wimbi kwa kijani si robo kwa buluu wala kwa nyekundu. Tabaka moja la kawaida linaiacha skrini na weusi wenye kivuli cha zambarau, na wahandisi hulazimika kupanga matabaka mawili, au kutunga molekuli ambazo tabia yao kwa rangi ni kinyume cha kawaida.

Nitaje kwa ufupi jamii nyingine ya fuwele kimiminika, maana ilitoka kwenye maabara isiyokuwa na utajiri mkubwa. Mwaka 1977, huko Bangalore nchini India, Sivaramakrishna Chandrasekhar na wenzake walionyesha kwamba si fimbo peke yake. Molekuli bapa kama sahani nazo zinaweza kuwa fuwele kimiminika. Ilionekana ni elimu tupu. Katika miaka ya 1990 sahani hizo zikapakwa kwenye tando za kurekebisha skrini, zile skrini za zamani ambazo ukizitazama kwa pembeni rangi zake ziligeuka kama negativu ya picha. Sahani zililazwa kwa mwinamo unaobadilika hatua kwa hatua, zikafuta makosa ya fimbo zilizo ndani ya skrini.

Sasa kolesteriki, ambazo ndizo kiini cha hoja yangu.

Katika kolesteriki fimbo za kila tabaka zinageuka kidogo kuliko za tabaka lililo chini yake, hivyo hivyo hadi zinakamilisha duara, kama ngazi ya kuzunguka ndani ya mnara. Urefu wa duara moja tunauita hatua ya msokoto. Ukizidisha hatua hiyo na mpindo wa wastani unapata rangi inayoakisiwa. Chukua hatua ya nanomita 350 na mpindo wa 1.6: jibu ni nanomita 560, rangi ya kijani. Hakuna tone la rangi humo ndani. Kijani chote kimetokana na mpangilio, na misokoto 10 hivi, yaani mikroni 3.5, inatosha kuakisi karibu kila kinachoweza kuakisiwa. Ukiuinamisha utando, kijani kinasogea kuelekea buluu. Ukibadilisha hatua ya msokoto kwa kuongeza au kupunguza kemikali inayosokota, unaweza kwenda nyekundu, hata ukavuka hadi infraredi isiyoonekana, ukaakisi joto la jua dirishani huku mwanga ukipita.

Lakini uzuri wake mkubwa ni kwamba utando huu unaakisi nuru inayozunguka upande ule ule wa msokoto wake, na inayozunguka upande wa pili unaiachia ipite. Nuru ya kawaida ni mchanganyiko sawa wa kulia na kushoto. Kwa hiyo nusu inarudi na nusu inapita, na hakuna iliyofyonzwa. Ukitaka kuzirudisha zote mbili, unaweka utando wa pili wenye msokoto wa kinyume.

Mbawakawa waliliweza hili muda mrefu kabla yetu. Wapo wenye maganda ya kijani na ya dhahabu yanayong'aa kama metali, na ganda lao limejengwa kwa nyuzi zilizosokotwa namna hiyo hiyo. Mwaka 1911 Mmarekani Albert Michelson alimchunguza mmoja wao, akakuta nuru anayoiakisi inazunguka. Wengi wao huakisi ile ya kushoto. Mwenye miwani ya sinema ya pande tatu, ile inayotumia nuru ya kuzunguka, akimtazama mbawakawa wa namna hiyo kupitia jicho moja atamwona anang'aa, na kupitia la pili atamwona amezimika.

Tatizo la kolesteriki ni kwamba upana wa rangi yake ni mdogo. Huo ni hatua ya msokoto kuzidisha na tofauti ya mpindo. Kwa mfano wangu, ukiwa na tofauti ya 0.15, unapata nanomita 50 na kitu. Kwa kichujio cha rangi moja hiyo ni sifa njema. Kwa polaraiza ya skrini ni upungufu, maana tunahitaji kuanzia buluu hadi nyekundu, nanomita 300 hivi. Mwaka 1995 Dirk Broer na wenzake, wakifanya kazi katika kampuni ya Philips nchini Uholanzi, walitoa jibu ambalo hadi leo linanivutia kwa werevu wake. Walichanganya molekuli za aina mbili, moja yenye ncha mbili za kushikana na nyingine yenye moja, na wakatia rangi inayofyonza urujuanimno. Wakaumulika mchanganyiko kwa nuru hafifu, taratibu. Upande wa juu ulipata mionzi mingi, wa chini kidogo. Molekuli zenye ncha mbili zilikuwa zinatumika haraka zaidi kule juu, kwa hiyo nyingine zikasafiri kutoka chini kwenda kujaza nafasi. Mwisho wa safari, msokoto ulikuwa mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili, ukibadilika polepole kati yao. Utando mmoja ukaakisi rangi zote. Haraka haraka haina baraka: wangemulika kwa nguvu, molekuli zisingepata muda wa kusafiri, na utando ungebaki wa rangi moja.

Yako matumizi mengine ya fuwele kimiminika katika vichujio ambayo nayaheshimu ingawa hayaitatui huzuni yangu. Bernard Lyot, Mfaransa, mwaka 1933 alieleza kichujio cha kulitazama jua kilichotengenezwa kwa vibamba vya fuwele, kila kimoja kinene maradufu ya mwenzake, na polaraiza katikati yao. Leo vibamba hivyo hufuatana na seli za fuwele kimiminika, na kwa kubadilisha volti unahamisha rangi inayopita bila kusogeza kitu chochote. Hadubini hukitumia kupiga picha ya tishu rangi baada ya rangi. Ni chombo kizuri mno, lakini kila polaraiza iliyomo inakula fungu lake, na mwenye nuru kidogo atalia. Tena zipo tando ambamo molekuli za rangi hulala pamoja na fimbo za fuwele na kufyonza upande mmoja. Hizo ni polaraiza za mikroni chache tu, zinapakwa moja kwa moja, zinafaa kwa skrini zinazokunjwa. Nazo hufyonza.

Turudi kwenye skrini ya kawaida ya fuwele kimiminika, yenye taa nyuma yake. Kimiminika chenyewe hakizuii nuru. Kinaigeuza tu, kama kipande changu cha tatu kilivyofanya, na polaraiza mbili ndizo zinazoamua ipi ipite. Ile ya nyuma inafyonza zaidi ya nusu. Vichujio vya nyekundu, kijani na buluu vinafyonza theluthi mbili ya kilichobaki. Ukijumlisha na mengineyo, machoni hufika sehemu isiyofika asilimia 10 ya nuru iliyotoka kwenye taa. Katika chombo kinachobeba betri, hasara hiyo hulipwa kwa uzito na kwa muda wa matumizi.

Nina jaribio moja la mwisho, na sitakuwa na maneno mengi baada yake. Hili hapa ni sanduku la taa. Ndani yake chini kuna kioo cha metali, juu yake taa. Nalifunika kwa polaraiza ya iodini, ile ile ya mwanzo. Mnaona mwanga sawa kila mahali.

Sasa naiondoa, na nusu ya kushoto ya mdomo wa sanduku naiwekea kwanza utando wa kolesteriki wa rangi zote, juu yake robo ya wimbi, halafu narudisha polaraiza juu ya sanduku zima. Kumbukeni kinachotokea humo ndani. Nuru ya mkono mmoja, yaani inayozunguka upande mmoja, inapita kolesteriki, robo ya wimbi inainyoosha, na nimeielekeza ili itoke ikilingana na polaraiza. Nuru ya mkono wa pili inarudishwa chini. Inagonga kioo cha metali na, kama tulivyoona kwenye simu, ikigonga metali hugeuza mkono. Inapanda tena, na safari hii ni ya mkono unaoruhusiwa.

Upande wa kushoto nimeuwekea tando mbili zaidi kuliko wa kulia. Ninyi mlioketi nyuma kabisa, mnaona? Kushoto ndiko kunakong'aa zaidi.

Sanduku nitaliacha hapa mezani likiwaka. Njooni mlisogelee, mzitoe tando na kuzirudisha kwa mikono yenu.